Gari la Viti Viwili

Mume wangu Josias na mama yangu Laurentine hawakuwahi kusemezana tangu tuoane, na wala hawakuwa wamegombana. Nasema hivyo mapema ili mtu asianze kumwonea huruma yeyote kati yao. Kwetu sisi, mkwe hamsemeshi mama wa mke wake, hamtazami usoni, hali naye, na akimwona anakuja kwenye njia moja, anakata kona. Ni heshima. Ila ni heshima inayomchosha mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mke, kwa sababu maneno yote yanapita kwake.

"Stéphanie, ambia bwana yako aksanti ya muchele," anasema Mama, na Josias yupo hapo hapo mlangoni, amegeuzia uso ukutani, anasikia kila kitu.

"Stéphanie, ambia Mama ni kitu kidogo tu."

Na Mama anasikia. Mimi nakaa katikati, narudia, maana nisiporudia, neno linahesabiwa kuwa halijafika. Watoto wetu walipojifunza kusema niliwapa kazi hiyo, lakini baada ya muda mfupi wakaanza kudai biskuti.

Heshima hiyo ina mwisho wake. Mkwe analeta zawadi ya kuondoa haya, mama mkwe anaipokea, basi, tangu siku hiyo wanasalimiana na kula pamoja kama watu. Josias alileta yake, mbuzi na kitenge kizuri, ila aliileta wakati mbaya: baba yangu Kalenga alikuwa amezikwa juzi juzi tu, na Mama alikuwa bado amekaa chini na nguo za matanga. Alirudisha mbuzi na kitenge. Alitaka kusema bado. Josias alielewa hapana. Na zawadi iliyorudishwa hailetwi tena mpaka mama mkwe aonyeshe kwamba anaitaka, wakati mama mkwe mwenye adabu zake hawezi kuonyesha kwamba anaitaka. Nilisema na huyu, nikasema na yule. Josias akanijibu, "Ni ye njo alirudisha," yaani yeye ndiye aliyerudisha. Mama akanijibu, "Mwenye kuleta njo anayua." Nikaachana nao.

Ningeendelea kuachana nao kama si miguu ya Mama. Anaishi peke yake Kapata, mtaa wa watu wa migodi, kwenye nyumba ileile ya kampuni aliyopewa baba enzi za kazi. Mwaka huu alianguka bafuni. Halafu akaanguka uani, na safari hiyo alilala chini kwenye jua hadi jirani aliposikia. Josias hakungoja kuambiwa na mtu. Alinunua tofali, akajenga chumba ubavuni mwa nyumba yetu hapa Kolwezi, sakafu ya simenti isiyoteleza, mlango mpana, kitanda kifupi ambacho mzee anaweza kukipanda. Chumba kikakaa tupu. Mama mkwe hawezi kulala kwa mkwe ambaye haya bado iko kati yao. Angekula wapi, na angepita wapi kwenda kuoga? Mimi nilikuwa nalala na simu karibu na sikio, na niliogopa. Niliogopa kwamba ipo siku jirani atasikia akiwa amechelewa.

Sasa nije kwenye gari. Uani kwa Mama, chini ya turubai, kulikuwa na Triumph TR4 nyekundu, gari dogo la michezo la Waingereza, viti viwili, paa la kitambaa. Mwingereza mmoja aliyefanya kazi migodini alilileta kutoka upande wa Zambia, na alipoondoka kwa haraka mwaka ule wa vita alimwachia baba yangu, aliyekuwa fundi wa karakana. Usukani wake uko kulia. Kwa hiyo, katika nchi hii yetu ambako magari yanapita kulia, dereva anakaa upande wa majani na abiria ndiye anayekaa katikati ya barabara. Baba alilitengeneza gari hilo maisha yake yote. Kila Jumapili baada ya kanisa alimwambia Mama, "Semaine ijayo tunaenda Tenke," yaani wiki ijayo, kwa sababu walikutana Tenke, kwenye kituo cha treni, wote wawili wakiwa wamechelewa. Hawakuwahi kuvuka mwisho wa avenue ya mtaani kwao.

Josias naye ni fundi, na tangu kilio cha baba aliendelea na gari palipoachwa. Alikuwa anaingia kwa nyuma Mama akiwa ameenda kuimba kwaya, na anatoka kabla hajarudi. Walitumia uwanja mmoja kwa zamu, hawaonani, na mimi nikitumwa na malalamiko. "Ambia bwana yako aache kumwanga mafuta ku lengalenga yangu." Nilimwambia. Akahamisha mafuta kutoka kwenye mchicha akayamwaga kwenye vitunguu.

Ndipo chama kimoja cha wapenda magari ya zamani kutoka Lubumbashi kikatangaza mashindano ya kutoka Kolwezi mpaka Tenke. Mtu anafikiri mashindano ya magari ni kukimbia. Haya hayakuwa hivyo. Kwa magari ya uzee ule wanakupa kitabu cha njia na mwendo wa kushika, halafu wanaficha watu wenye saa vichakani. Ukipita mapema unakatwa alama, ukichelewa unakatwa alama. Nilimwambia Josias kwamba hatimaye amepata mchezo wa tabia yake, maana hajawahi kufika popote mapema, na safari hii ataitwa hodari.

Hakucheka. Alikuwa kazini. Alifunga bamba la chuma chini ili mawe yasipasue tumbo la injini. Akachomelea bomba nene nyuma ya viti, la kulinda vichwa gari likipinduka. Akaongeza taa mbili mbele, na mikanda ya mabegani inayomfunga mtu kama mzigo wa makaa, na mbele ya kiti cha abiria akaweka kipimo cha kilomita chenye tarakimu zinazozunguka. Injini aliifungua yote akaipanga juu ya meza yetu ya chakula, na siku tulipokuwa tunakula kwenye mkeka alinieleza kwa fahari kwamba ukoo wa injini ile ulianzia kwenye trakta. Nikamwuliza kama tunaenda Tenke au tunaenda kulima.

Copilote, yule anayemsomea dereva njia, ningekuwa mimi. Josias alinifundisha. Akaniambia kitabu cha njia ni kazi ndogo, kazi kubwa ni macho: yeye akiwa kulia, nyuma ya lori haoni kitu, kwa hiyo aliyekaa kushoto ndiye anayechungulia na kusema "pita" au "bado". Tulifanya mazoezi nyuma ya lori la bia. Nilisema "pita" mapema kidogo, na jambo hilo tumelijadili mara nyingi kuliko ndoa yetu. Hata hivyo nilishona suruali mpya kwa ajili ya siku yenyewe.

Asubuhi ya siku hiyo tulifika Kapata na rafiki yake Kabongo, ambaye pickup yake ingetufuata na matairi na maji. Turubai lilikuwa limeshaondolewa. Mama alikuwa ameketi garini, kiti cha kushoto, na kitenge kipya, viatu vya kanisa, kilemba kimefungwa hadi chini ya kidevu na mkoba juu ya mapaja. Mikanda yote alikuwa ameifunga mwenyewe. Josias akageukia bomba la maji, akalitazama sana.

"Mama, unafanya nini?" nikauliza.

"Naenda Tenke."

"Hii ni kiti yangu."

"Hii ni mutokaa ya bwana yangu. Alinipromettre Tenke, aliniahidi. Sasa mutokaa inaenda, mi nabakia na turubai?"

"Na haya, Mama? Mutakaa bega ku bega. Hamuna muntu wa tatu mule."

"Tata yako atakaa katikati."

"Tata yangu alikufa."

"Alikuwa mukonde," alisema Mama. "Ataenea."

Josias akaliambia bomba, "Stéphanie, ambia Mama kazi ya copilote ni kusema. Lazima aseme kama njia iko wazi. Asiposema tutakufa."

"Stéphanie, ambia bwana yako nilifundisha batoto ya masomo miaka mingi. Kusema nayua."

Sikurudia neno hata moja. Nilikuwa na hasira, na suruali mpya. Nilimpa Mama kitabu cha njia, nikapanda pickup ya Kabongo, nikafunga mlango kwa nguvu, na Kabongo akaniomba radhi kana kwamba kosa ni la mlango wake.

Kilichosemwa ndani ya gari lile nilisimuliwa baadaye na wote wawili, kila mtu na lake, na pale wanapopingana nimechukua lile linalonifurahisha zaidi. Kwa macho yangu, kutoka nyuma, niliona vichwa viwili tu, kimoja cha nywele fupi na kingine cha kilemba, vimeachana kadiri gari dogo linavyoweza kuvumilia. Mama alikuwa amejibana kwenye mlango wake na Josias kwenye wake. Mtu wa tatu angeenea kweli.

Mpaka daraja la Lualaba hakuna aliyefungua mdomo. Mama aliinua kitabu cha njia mbele ya pua ya Josias kila palipokuwa na kona, kama anavyomwonyesha mtoto ubao, na Josias alikata kona. Baada ya daraja wakakuta lori la kwanza la madini. Likawa linatambaa mbele yao, vumbi na moshi, na dakika zikaenda. Josias hakuona kitu isipokuwa matairi. Hakuweza kuuliza. Wale wenye saa walikuwa mahali fulani vichakani wakimngojea, na yeye alikuwa anangojea adabu.

Ndipo Mama, akitazama kioo cha mbele, akasema, "Kalenga, ambia ule kijana njia iko wazi."

Josias anasema nywele zilimsimama. Akakanyaga mafuta, wakapita lori, na alipomaliza akajibu, naye akitazama kioo, "Tata, ambia Mama aksanti."

Basi wakaendelea hivyo. Baba yangu alifanya kazi siku hiyo kuliko mwezi mzima wa karakana. Kalenga, ambia ule kijana kuko shimo. Tata, ambia Mama nimeiona. Kalenga, ambia ule kijana kama aliiona, juu ya nini ameingia ndani? Tata, uliza Mama kama hatuko mbele ya saa. Kalenga, ambia ule kijana tuko nyuma kidogo, na aache kupapasa lile fimbo la vitesse, la gia, limefungwa ku gari, halitaruka.

Walipozoea, Mama alianza kuzungumza na baba mambo yasiyomhusu dereva. "Kalenga, ona, inaenda. Ulikuwa unasema semaine ijayo, semaine ijayo. Kumbe ilikuwa inaweza." Akajifuta vumbi na ncha ya kilemba, na Josias anasema halikuwa vumbi tu.

Josias akasema, "Tata, ambia Mama carburateur yenye inatutembeza ni ile ulitengeneza weye mwenyewe."

Ulikuwa uongo. Kabureta zile zilitoka Kitwe, Zambia, kwa basi, nilizipokea mimi, nikazifunga kwenye blanketi. Mama alikuwa anajua pia, maana blanketi lilikuwa lake. Lakini aliitikia kwa kichwa, akakaa vizuri kidogo, na kilemba kikatoka mlangoni. Hilo niliona mwenyewe kutoka nyuma, nikamwuliza Kabongo kama naye ameona. Kabongo alikuwa anatazama barabara, kama dereva anavyotakiwa.

Ilitokea walipoacha lami kuelekea Tenke. Kulikuwa na lori jingine mbele, na vumbi lake lilikuwa zito, linafunga njia yote. Mama akatoa kichwa nje, akaona peupe, akaanza, "Kalenga, ambia ule kijana njia iko wazi." Ni sentensi ndefu. Josias ni mtu wa heshima, hakuondoka kabla haijaisha. Alipoingia upande wa kushoto, ule upeupe ulikuwa umepitwa, na kwenye kona mbele likatokea lori la pili, limejaa, linashuka.

Josias hakuwa ameliona. Alikuwa bado anatazama matairi ya lile la kwanza. Mama akaanza, "Kalenga, ambia ule..." na akaona kwamba hawana nafasi ya Kalenga.

Akamshika Josias kifundo cha mkono, akakivuta, akasema, "Josias, rudi."

Josias akarudi. Lori likapita, karibu sana, na mchanga wake ukawaingia mdomoni.

Mimi niliona mkia mwekundu ukitoka, nikaona lori, halafu vumbi, halafu sikuona kitu. Kabongo alikanyaga breki, nikagonga paji la uso. Sitaki kuficha nilichowaza. Nilichukia lile gari. Nilimchukia baba yangu na Tenke yake, na ile heshima yetu, ambayo nimeibeba mdomoni tangu siku ya harusi, na nikaona itawaua watu wangu wote wawili kwa pigo moja kwa sababu hakuna aliyekuwepo katikati wa kurudia. Vumbi lilipotulia gari lilikuwa mbele, linaenda taratibu, vichwa vyote viwili mahali pake. Ndipo nikalia, na Kabongo akaniambia nisimlowanishie kiti, kwa sauti nzuri.

Kule mbele mambo yalikuwa yameharibika. Jina la mkwe, mama mkwe halitamki. Mkono wa mkwe, haushiki. Mama alikuwa amefanya yote mawili kwa mkupuo, na Josias alikuwa amemgeukia, amemtazama machoni kabisa, na kumjibu, "Ndiyo, Mama." Hakuna tena aliyemwita Kalenga. Josias alikuwa anahesabu kichwani wazee watakaoitwa na mbuzi watakaodaiwa, na aliona chumba kile kitakaa tupu milele. Mama, anavyosimulia, alikuwa anawaza jambo moja tu: kwamba safari hii aliyevunja ni yeye, na kwa hiyo wa kutengeneza ni yeye.

Tenke, mbele ya kituo cha treni, chama kilikuwa kimesimamisha hema, na mama mmoja wa Lubumbashi mwenye kofia pana alikuwa anasoma matokeo. Wetu walikuwa karibu na mkia. Wote wawili wanasema mpaka leo kwamba saa za wale watu zilikuwa mbovu.

Sisi tulipofika, Josias alikuwa ameshashuka, amegeuzia uso ukuta wa kituo. Mama alikuwa bado kwenye kiti, anapambana na mikanda. Uso wake wote ulikuwa mwekundu wa vumbi, isipokuwa pale kilemba kilipokuwa. Nilikimbia, nikamshika, nikainama nimfungulie, naye akanisukuma mkono.

"Acha," akasema. "Weye usimame pale."

Nikasimama pale.

"Josias," akasema Mama.

Mgongo wa Josias ukakakamaa. Hakugeuka.

"Josias, geuka. Mi haniko ukuta."

Akageuka polepole, macho kwenye viatu vyake. Watu wachache wa kwetu waliokuwa wamesimama hapo, mama wa mihogo na wapakia mizigo wa stesheni, walielewa mara moja wanachokiona, wakaacha kuongea. Yule mama wa kofia hakuelewa, akaendelea kusoma majina.

"Ile chumba ulijenga ku nyumba yako," akasema Mama. "Dirisha yake inaangalia wapi?"

Nilifungua mdomo nirudie. Ni mazoea. Lakini Josias alikuwa ameshasikia, na alikuwa anamtazama.

"Inaangalia ku barabara, Mama."

"Utaiziba. Utatoboa ingine, iangalie ku bustani. Barabara nimeona ya kutosha."

"Ndiyo, Mama."

"Na ile mbuzi. Usilete mwenye kukonda sawa ule wa kwanza."

"Hapana, Mama."

"Sasa kuya unifungulie hizi ceinture. Uliziweka mu mutokaa sawa muntu mwenye kuiba mutoto."

Josias akapiga magoti kwenye changarawe, akaifungua mikanda, wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Mama akamshika bega akajiinua, akaweka sawa kitenge chake, akatazama kituo chote kuanzia saa yake iliyosimama hadi reli. Halafu akamwuliza Josias kama anasikia njaa, na Josias akasema anasikia sana. Wakaondoka pamoja kwenda kutafuta bukari, ugali wetu, na samaki, Mama akimshikilia mkono kwa sababu ya miguu yake. Mimi nilibaki nimesimama kando ya gari, na hakuna aliyekuwa na neno la kunipa nimpelekee mwenzake.